Skizofrenia: simu inaweza kuona ugonjwa ukirudi, lakini nani atakuja?

Katika familia nyingi za Goma, Bukavu au Uvira, mama ndiye anayejua wa kwanza. Kabla kijana hajaanza kusema peke yake njiani, kuna usiku mbili au tatu ambazo hakulala. Kuna siku aliyokataa kula na wenzake kwenye sahani moja. Kuna redio aliyoizima kwa hasira, akisema mtangazaji anamtaja jina. Mama anaona hayo yote na kukumbuka kwamba hata mara iliyopita ilianza hivyo hivyo. Kisha ananyamaza, kwa sababu kituo kiko mbali na pesa ya pikipiki ni ya unga. Wiki tatu baadaye, wanaume wa mtaa wanaitwa, kamba inatafutwa, na kijana anafikishwa hospitalini amefungwa mikono.

Wiki hizo tatu ndizo watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakijaribu kuzitumia kwa msaada wa simu. Wamepata majibu, na huku mashariki mwa Kongo majibu hayo yanastahili kusikilizwa, hata yale yasiyofurahisha.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Skizofrenia si laana ya ukoo wala malipo ya dhambi. Ni ugonjwa unaovuruga mawazo, unamfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na kuamini kwamba anawindwa. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, limekadiria kwamba unampata karibu mtu 1 kwa kila 300. Kwa mji wenye watu milioni 1, hesabu hiyo inatoa zaidi ya watu 3000. Dawa zipo na nyingine ni za zamani sana: haloperidol, chlorpromazine, sindano ya fluphenazine ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Zinamtuliza mgonjwa, anarudi sokoni, anarudi shambani, wengine wanarudi hata shuleni.

Shida ni kwamba ugonjwa unarudi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuata wagonjwa waliopona mara ya kwanza, na ndani ya miaka 5 karibu 8 kati ya 10 walikuwa wameanguka tena. Aliyeacha dawa alikuwa na hatari ya kuanguka mara 5 hivi kuliko aliyeendelea nazo. Na sababu za kuacha zinajulikana na kila familia: dawa inaleta usingizi na kutetemeka, mgonjwa anajiona amepona, pesa imekwisha, au kuna mtu katika chumba cha maombi aliyesema kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. (Mchungaji anayeomba huku dawa zikiendelea hana ugomvi na mtu yeyote.)

Sasa simu. Mjini Prague, Jamhuri ya Cheki, daktari Filip Španiel na wenzake walianzisha mpango unaoitwa ITAREPS. Haukuhitaji simu ya bei kubwa. Kila wiki mgonjwa alipokea SMS yenye kumkumbusha maswali 10: je, usingizi umebadilika? Je, anaogopa watu kuliko zamani? Je, anajitenga? Alijibu kwa namba tu. Ndugu mmoja wa familia pia alipokea maswali yake na kujibu kivyake, bila kumuuliza mgonjwa. Kompyuta ilijumlisha namba, na zikipanda kupita kiwango fulani, ilimtumia daktari onyo. Onyo lilimtaka daktari aongeze dawa haraka, ndani ya saa 24, kabla mgonjwa hajaanguka.

Familia nyingi za Kongo zingeuelewa mpango huo bila mafunzo marefu. Ni yule mama wa mwanzo, ila safari hii ana mtu wa kumpa habari. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2008 juu ya wagonjwa 45, yalileta furaha: idadi ya kulazwa hospitalini ilishuka kwa asilimia 60.

Halafu ukaja utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 146 waliogawanywa kwa kura katika makundi mawili. Tofauti kati ya makundi haikuonekana. Watu walilazwa hospitalini sawasawa, wenye mpango na wasio nao.

Mtu angesema simu imeshindwa. Lakini watafiti walipochunguza walikuta jambo lingine. SMS zilitumwa, wagonjwa wengi na ndugu zao walijibu, kompyuta ikahesabu, onyo likafika. Ni madaktari ambao mara nyingi hawakufanya kitu. Hawakuongeza dawa. Wengine pengine walitaka kwanza kumwona mgonjwa kwa macho yao, jambo linaloeleweka. Wengine pengine walikuwa na kazi nyingi. Na kadiri maonyo yasiyojibiwa yalivyoongezeka, ndivyo hatari ya mgonjwa kulazwa ilivyopanda. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vimemlaumu mgonjwa asiyefuata masharti. Utafiti huu, uliochapishwa mwaka 2015, ulimtaja daktari asiyefuata masharti. Ni haki iliyochelewa.

Nchini Japani, watafiti waliuchukua mpango huo huo wa Prague na kuuweka pamoja na wauguzi wanaowatembelea wagonjwa nyumbani. Onyo likitoka, kulikuwa na mtu wa kubisha mlangoni. Huko kulazwa kulipungua.

Kuna simu za aina nyingine zinazosifiwa zaidi. Kule Marekani, mpango wa CrossCheck ulitumia simu zenye akili kufuatilia mgonjwa: ametembea umbali gani, amelala saa ngapi, anaongea na watu kwa muda gani kwa siku. Sayansi yake ni ya kuvutia. Lakini kwa Masisi au Kalehe, ambako simu moja inatumiwa na watu watatu na moto wa kuchaji unalipiwa kwa muuzaji wa sola, mpango huo usubiri. Tena kuna jambo zito zaidi ya betri. Mtu ambaye ugonjwa wake unamwambia kwamba anafuatwa, kumpa kifaa ambacho kweli kinamfuata ni kumpa hofu yake sababu. Na mahali ambapo raia anaogopa simu yake kukaguliwa kwenye barieri, orodha ya kila alikopita haitakiwi kuwepo popote, hata kwa nia njema ya hospitali.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Kongo unatoka mashambani kwa Wachina. Katika wilaya ya Liuyang, mkoa wa Hunan, watafiti walichukua wagonjwa 278 wa vijijini ambao tayari walikuwa wanapata dawa za bure kutoka kwa serikali. Nusu waliendelea hivyo. Nusu nyingine waliongezewa mambo mawili: SMS za kukumbusha dawa na kuuliza dalili, na mtu mmoja wa karibu, mara nyingi wa familia, aliyekubali kuwa msimamizi. SMS zilimfikia na yeye. Akiona dalili, alijua ni nani wa kumjulisha.

Baada ya miezi 6, kundi la SMS lilikuwa linatumia asilimia 61 ya dawa zake, kundi lingine 48. Waliorudishwa hospitalini walikuwa 9 kati ya 123 upande wa SMS, na 25 kati ya 122 upande mwingine. Asilimia 61 bado ni ndogo, wala hakuna muujiza hapo. Lakini kwa familia 16 za tofauti hiyo, hapakuwa na kamba wala jirani wa kuitwa usiku.

Jambo ambalo wafadhili wapenda teknolojia husahau katika habari ya Liuyang liko mwanzoni kabisa: dawa zilikuwepo, tena bure. Simu ilikuja juu ya msingi huo. Huku mashariki, mashirika yanapenda kuleta tableti na programu mpya, na picha zinapigwa siku ya uzinduzi. Sanduku la haloperidol halina picha nzuri. Lakini mama akijibu SMS kwamba mtoto hajalala siku tatu, na kituo cha afya kikamjibu kwamba dawa imekwisha tangu mwezi uliopita, basi teknolojia imempa huyo mama kazi ya kuhesabu maumivu yake kwa namba.

Huduma si kwamba hazipo kabisa. Ndugu wa Mapendo, wale watawa wanaoitwa Frères de la Charité, wanaendesha SOSAME huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma, na familia za mbali huja na magodoro yao. Nchi ina hata Programu ya kitaifa ya afya ya akili. Vilevile kuna wajumbe wa afya wa mtaa, wale RECO, wanaozunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na malaria. Wanajua nani amejifungua na nani ana mtoto mwenye utapiamlo. Mara nyingi wanajua pia ni nyumba gani ina mtu aliyefungwa chumba cha nyuma, ila hakuna karatasi inayowauliza habari zake.

Vita pia haina budi kutajwa. Tangu Goma kuingia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu wamehama, wamerudi, wamehama tena. Mgonjwa aliyekuwa anakuja kuchomwa sindano kila mwezi akikimbia, faili lake linabaki nyuma. Hapo ndipo SMS ingeweza kusaidia kuliko pengine popote duniani: namba ya ndugu ikiwa imeandikwa kituoni, muuguzi anaweza kuuliza «mko wapi?» na kuwaelekeza kwenye kituo kilicho karibu. Ni kweli, namba nazo hubadilika. Kwa sababu hiyo namba mbili ni bora kuliko moja.

Mgonjwa mwenyewe lazima akubali, na aulizwe wakati akili yake imetulia, si siku anapoletwa amefungwa. Yeye ndiye amchague ndugu wa kujibu maswali. Kuna nyumba ambazo kaka anataka shamba, na neno «ugonjwa umerudi» linaweza kuwa silaha. Onyo litokalo kwa ndugu lilete mtu wa kumwona mgonjwa, lisilete amri ya kumfungia. Na ujumbe wenyewe usiandikwe jina la ugonjwa, kwa kuwa simu ya familia inapita mikononi mwa wengi. «Umelalaje wiki hii?» inatosha.

Kwa hiyo wakubwa wa afya wa Kivu mbili, pamoja na wafadhili wanaowasaidia, wangeweza kuanza na jambo dogo ambalo kila mtu anaweza kulipima. Familia 50 kuzunguka kituo kimoja. SMS moja kwa wiki kwa mgonjwa, moja kwa ndugu, maswali yawe kwa Kiswahili cha huku, Kishi au Kinande, na kwa asiyejua kusoma apigiwe simu. Vodacom, Airtel na Orange ziombwe namba ya bure, ili kujibu kusimle mtu yunite zake. Muuguzi mmoja awe na jina linalojulikana, simu isiyozimwa na pikipiki yenye mafuta, na onyo likitoka awe amefika nyumbani kabla ya siku mbili. Awe pia na ruhusa iliyoandikwa na daktari ya kuongeza dawa kwa kiasi kilichowekwa, asisubiri sahihi kutoka mjini. Kila onyo liandikwe kwenye daftari: saa lilipofika, nani aliondoka, alimkuta mgonjwa katika hali gani.

Na kabla ya yote, dawa za miezi 6 za wagonjwa hao 50 ziwe zimehesabiwa na kufungiwa kwenye stoo ya kituo. Siku ambayo bado hazijafika, SMS ya kwanza isitumwe.