Diski Ibadilishwe, Kompyuta Isitupwe

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu juu ya desturi ya kuzitupa kompyuta mpakato kwa sababu tu zimekuwa nzito. Mimi naipinga.

Kompyuta ikikawia kuwaka, wengi hudhani imezeeka yote. Mara nyingi kilichozeeka ni diski tu. Diski za zamani zina sahani zizungukazo, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaotafuta habari juu yake. IBM ya Marekani ilitoa diski ya namna hiyo mwaka 1956, yenye sahani 50, kubwa kuliko kabati la nguo. Diski mpya ziitwazo SSD hazina kizungukacho. Habari hukaa katika chipu na kupatikana upesi.

Baba yangu mdogo huuza dagaa Mwaloni, hapa Kirumba. Kompyuta yake ilichukua dakika saba kuwaka, akakusudia kununua nyingine kwa fedha alizoniwekea za vifaa vya Kidato cha Tano. Nikamwambia, "Baba mdogo, tubadili diski tu." Akakubali. Nilifungua skrubu, nikachomoa ya zamani, nikatia mpya, nikaingiza programu. Ikawaka kabla hajaketi vizuri, na fedha nyingi zikabaki.

Lakini haraka haraka haina baraka. Niliifuta diski ya zamani ili niweke picha zangu, wala sikuhakikisha kwamba nimenakili kila kitu. Hesabu za madeni ya miezi mitatu zikapotea. Baba mdogo hakunigombeza. Alichukua daftari na kalamu, tukazunguka Mwaloni siku mbili tukiwauliza wateja mmoja mmoja. Wengi walisema kweli. Wengine walisema hawakumbuki, nasi hatukuwa na la kuwaonyesha.

Nakiri kwamba si kila kompyuta hubadilishwa diski. Nyingine zimeunganishwa na bodi kabisa. Basi kwanza umuulize fundi. Pili, nakili kazi zako mahali pawili, uzifungue uone kama zasomeka. Ndipo ubadili, na diski ya zamani uiweke bila kuifuta.

Nawaomba walimu na wazazi wetu: kabla ya kuchangia kompyuta mpya, zile za zamani zikaguliwe diski. Kilichochakaa kitolewe, kilicho kizima kituhudumie.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne