Maziwa, Jibini na Aliyeacha Nyama
Aliyeweka nadhiri ya kutokula nyama, je, ni halali kwake kunywa maziwa? Suala hili lilimtaabisha hata Mahatma Gandhi, ambaye mwaka 1912, akiwa Afrika ya Kusini, aliyaacha kwa kuchukizwa na mateso wanayotendewa ng'ombe ili wakamuliwe hadi tone la mwisho, na ambaye, baada ya kuugua sana mwaka 1918, alilikubali shauri la mkewe, Kasturba, anywe ya mbuzi, kwa hoja kwamba alipoapa hakumkusudia mbuzi. Akapata nguvu, lakini dhamiri yake haikustarehe, kwani alijua ameyashika maneno ya nadhiri na kuiacha maana yake. Kwa rai yangu, maziwa hayamtoi mtu katika jamaa ya wasiokula nyama, maana kukamua si kuchinja, na Wahindu wengi tangu dahari wamekula samli na mtindi bila kujiona wamevunja ahadi. Wasioafiki, waliounda chama chao Uingereza mwaka 1944, walijichagulia jina jingine, nayo ni haki yao. Jibini ndiyo yenye shaka: tazama kipande cha Parmigiano-Reggiano ya Italia, kikavu, cha rangi ya majani makavu, kisicho na dalili ya damu hata chembe, ilhali maziwa yake yamegandishwa kwa dawa itokayo katika tumbo la ndama anyonyaye, aliyechinjwa. Basi, ewe msomaji uliyeacha nyama kwa imani, kunywa maziwa yako kwa amani, ila kabla hujanunua jibini muulize muuzaji imegandishwa kwa kitu gani.