Mtikisiko wa Ubongo: Kumfungia Kijana Gizani Si Tiba



Kijana anapogongwa kichwa mchezoni, aghalabu watu waliomzunguka hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: "Hana kitu huyo, mmwagieni maji arudi uwanjani." Kundi la pili humpeleka nyumbani, likamlaza katika chumba chenye giza, likamzuia kusoma, kutembea na kuzungumza na wenzake, mpaka siku atakapotamka kwamba kichwa hakimuumi tena. Makundi yote mawili yana nia njema, na yote mawili yamekosea. La kwanza laweza kumuua kijana. La pili laweza kumchelewesha kupona. Makala haya yanahusu zaidi kosa la pili, kwa kuwa kosa hilo limevaa joho la utabibu, na kwa miaka mingi waganga wenyewe ndio waliolifundisha.

Mtikisiko wa ubongo ni nini?

Ni jeraha linalotokea pale kichwa, au hata mwili, unapopigwa kwa nguvu kiasi cha kuutikisa ubongo ndani ya fuvu. Si lazima kijana azimie. Walio wengi hawazimii. Picha za kawaida za hospitali aghalabu hazionyeshi kitu, kwa sababu kilichoharibika si umbo la ubongo bali utendaji kazi wake. Kijana hulalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuumizwa na mwanga na kelele, kusahau, kushindwa kuzingatia masomo, usingizi usiotulia na hasira zisizo na sababu. Wengi hupona ndani ya mwezi mmoja. Lakini wako ambao dalili huwaganda kwa wiki nyingi na hata miezi, na hao ndio wanaotushughulisha hapa.

Fikra ya kumpumzisha kijana ilitoka wapi?

Tuwatendee haki madaktari waliotutangulia. Hofu yao haikuwa ya bure. Katika siku za mwanzo ubongo uliojeruhiwa huhitaji nguvu nyingi za kujitengeneza, ilhali mgao wake wa damu umevurugika. Pigo la pili likiingia katika hali hiyo, madhara yake yaweza kuwa makubwa mno. Mwezi Oktoba 2006, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligongwa kichwa katika mchezo wa futiboli ya Kimarekani, akapumzishwa kidogo, kisha akarudishwa uwanjani katika mechi hiyo hiyo. Baada ya mchezo alianguka. Alipasuliwa kichwa ili kuokolewa maisha yake, na alibaki na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake: mchezaji kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe uwanjani, wala asirudi mpaka apate idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria za namna hiyo.

Hilo lilikuwa jambo la haki na bado ni la haki. Lakini kumzuia kijana asirudi uwanjani ni jambo moja, na kumfunga kitandani ni jambo jingine. Mambo haya mawili yalichanganywa. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu uliofanyika Zurich mwaka 2008 ulitamka kwamba msingi wa kutibu mtikisiko wa ubongo ni kuupumzisha mwili na akili mpaka dalili ziondoke. Maneno hayo yakafika majumbani yakiwa yameongezwa chumvi: funga mapazia, ondoa vitabu, zuia marafiki. Na je, ushahidi ulikuwa wapi kwamba kitanda humponya? Haukuwapo. Ilikuwa ni rai ya wakubwa iliyopokewa bila kuulizwa hoja.

Ushahidi ulipotafutwa

Mwaka 2015 watafiti wa jimbo la Wisconsin walichapisha matokeo ya kuwagawa kwa kura wagonjwa wa umri wa miaka 11 hadi 22. Sehemu moja iliamriwa mapumziko makali ya siku 5; sehemu nyingine ilipewa nasaha ya kawaida ya kupumzika siku 1 au 2, kisha kurudi shughulini hatua kwa hatua. Waliofungwa siku 5 hawakupona mapema zaidi. Bali waliripoti dalili nyingi zaidi, na dalili hizo zilichelewa kuwaondoka.

Mwaka 2016 ukafuata utafiti mkubwa wa Kanada, uliowahusu watoto na vijana wapatao 3,000 waliofikishwa katika hospitali 9. Miongoni mwa walioanza harakati za mwili ndani ya siku 7, takriban robo walikuwa bado na dalili siku ya 28. Miongoni mwa waliokaa bila harakati, waliobaki na dalili walizidi 4 katika kila 10.

Hapa mwenye kupima hoja atasema: huenda waliosimama mapema ndio waliokuwa wameumia kidogo. Ni swali la haki, na utafiti wa kutazama tu hauwezi kulijibu kwa ukamilifu. Kwa hiyo ilihitajika kuwagawa vijana kwa kura, ili walioumia sana na walioumia kidogo wapatikane pande zote mbili.

Kazi hiyo ilifanywa na Dakta John Leddy, Dakta Barry Willer na wenzao wa Chuo Kikuu cha Buffalo, jimbo la New York, ambao walikuwa wakiifuatilia fikra hii kwa miaka mingi. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya vijana 103 wa miaka 13 hadi 18, wote wakiwa wameumia mchezoni na wamefika kliniki ndani ya siku 10. Sehemu moja ilipewa mazoezi mepesi ya kuendesha moyo na pumzi, takriban dakika 20 kila siku. Sehemu nyingine ilipewa mazoezi ya kunyoosha viungo yasiyopandisha mapigo ya moyo. Katika walioendesha moyo, nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 13. Katika walionyoosha viungo tu, nusu yao walipona kufikia siku ya 17. Mwaka 2021 jaribio jingine la vijana 118 katika vituo vitatu vya Marekani lilitoa sura ile ile: siku 14 dhidi ya 19, na uwezekano wa dalili kumganda kijana zaidi ya wiki 4 ulipungua kwa takriban nusu.

Siri ya tiba hii ni kipimo

Asije mtu akafahamu kwamba kijana aliyeumia aambiwe akimbie. La hasha! Kijana hupandishwa kwenye mashine ya kutembelea, akatembea kwa mwendo wa kawaida, na kila dakika mashine inainuliwa kidogo kama mtu anayepanda kilima. Anaulizwa hali yake kwa kipimo cha 0 hadi 10. Dalili zikizidi kwa pointi 3 au zaidi, anasimamishwa, na mapigo ya moyo wake wakati huo yanaandikwa. Hicho ndicho kikomo chake. Katika utafiti wa 2019 mazoezi yalipangwa kwa asilimia 80 ya kikomo hicho. Ikiwa kijana alisimamishwa mapigo yakiwa 150 kwa dakika, basi zoezi lake lilikuwa la mapigo 120. Kadiri anavyopata nafuu, kikomo hupimwa tena na kupandishwa.

Watafiti hao wanaeleza kwamba mtikisiko huvuruga mfumo wa neva unaoongoza moyo na mgao wa damu ubongoni bila mtu kukusudia. Mazoezi yaliyopimwa huufundisha tena mfumo huo kazi yake. Kitanda humwacha kijana adhoofike. Na yako madhara mengine ya giza lile: kijana hukosa masomo, hukatwa na wenzake, huzuni ikamwingia, kisha huzuni hiyo na usingizi mbovu huhesabiwa kuwa ni jeraha ambalo halijapona. Basi huongezewa mapumziko, na huzuni ikazidi!

Mkutano wa sita wa kimataifa, uliofanyika Amsterdam Oktoba 2022 na kutoa tamko lake mwaka 2023, uliyakubali haya. Ulisema mapumziko yawe ya kadiri katika siku 1 au 2 za mwanzo, na hata humo kutembea na shughuli nyepesi za nyumbani kunaruhusiwa, huku utazamaji wa simu na televisheni ukipunguzwa. Baada ya hapo mazoezi yaliyopimwa ni tiba. Dalili zikiongezeka kidogo, kwa pointi zisizozidi 2 katika 10, na zikatulia kabla ya saa moja, si neno. Zikizidi hapo, aache na ajaribu kesho yake kwa upole zaidi.

Watakaopinga

Watasema: siku 4 au 5 tu ndizo zilizopatikana, kwani ni kitu gani? Nasema: kwa mwanafunzi aliye mbele ya mtihani, siku 5 si chache. Tena faida kubwa zaidi imo katika wale waliookolewa wasiangukie miezi ya maumivu. Na dawa hii gharama yake ni nini? Ni miguu ya kijana na dakika 20 za mzazi wa kumsindikiza.

Watasema pia: sisi hatuna mashine hizo. Ni kweli kwamba upimaji bora ni wa mtaalamu, na mwenye kuweza asiuache. Lakini mashine ni chombo cha kupimia, siyo tiba yenyewe. Daktari akishamwona kijana na kuridhika kwamba hakuna hatari, kutembea kwa haraka barabarani pamoja na mtu mzima, huku akiulizwa hali yake, kunafuata kanuni ile ile. Mapigo ya moyo huhesabiwa kwa vidole kwenye kifundo cha mkono: hesabu sekunde 15, kisha zidisha kwa 4.

Mipaka isiyovukwa

Kwanza, anayeshukiwa kupata mtikisiko atoke uwanjani saa ile ile, wala asirudi siku hiyo. Pili, akitapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakizidi, akapatwa na degedege, akalegea mkono au mguu, maneno yakamtatiza, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyenzake, au akawa hazinduki vizuri, apelekwe hospitali mara moja. Hapo hakuna suala la mazoezi. Tatu, mazoezi ya tiba hayana mpira, hayana kugombania, hayana baiskeli ya barabarani wala jambo lolote linaloweza kumwangusha. Nne, kurudi katika mchezo wa kugongana ni baada ya dalili zote kuondoka na mtaalamu kutoa idhini. Kutembea siku ya tatu hakumaanishi kucheza siku ya nne.

Ndugu zangu, vijana wetu wanacheza mpira kila jioni katika viwanja vilivyo jirani na misikiti yetu, na vichwa vyao hugongana kama vya vijana wa Buffalo. Wazazi na makocha wanahitaji kuyajua mambo mawili kwa pamoja: ukali wa kumtoa kijana uwanjani, na upole wa kumwinua kitandani. Mwenye kushika la kwanza peke yake humfanya kijana mfungwa. Mwenye kushika la pili peke yake humhatarisha. Madaktari walikuwa na ujasiri wa kuiacha rai yao wenyewe ushahidi ulipobainika. Sisi tunaowatunza vijana hawa hatuna udhuru wa kuendelea kuifunga milango na mapazia.

Wabillahi tawfiq.