Hofu ya Ghafla si Kisingizio

Muhula huu napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hulicheka. Mimi silicheki, kwa kuwa limenipata.

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, nilikuwa nimesimama mstarini asubuhi pamoja na wenzangu. Sikuwa na homa, wala sikuwa na kosa la kunitia wasiwasi. Mara moyo ukaanza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho jembamba likanitoka. Niliamini kabisa kwamba nakufa. Nikatoka mstarini bila ruhusa, nikaketi chini ya mwembe, na baada ya robo saa hivi nilikuwa mzima kama kwamba hapakuwa na kitu. Ndiyo sababu hakuna aliyenisadiki. Kiranja aliandika jina langu, na wenzangu bwenini wakaniita Marehemu.

Wakati wa likizo bibi yangu alinifukiza ubani. Sina ugomvi na ubani, hunukia vizuri. Lakini mambo yaliporudi, mjomba alinipeleka hospitali. Daktari alinipima moyo na damu, akaona vyote ni vizima, kisha akanieleza. Kila mwili una mlinzi wake. Ukikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo hukaza mwendo na pumzi hufuatana, ili upate nguvu za kukimbia. Kwangu mimi mlinzi huyo huamka pasipo nyoka. Tena mtu apumuapo upesi kupita kiasi, hewa ya kaboni hupungua katika damu yake, na hiyo ndiyo iletayo ganzi na kizunguzungu. Asiyejua haya hudhani anakufa, akaogopa zaidi, na hofu hiyo ikamchochea mlinzi yule yule. Kwa kawaida hofu hufika kileleni katika dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Yenyewe haiui. (Hata hivyo maumivu ya kifua yapimwe kwanza na daktari. Mtu asijitibu kwa kusoma gazeti la shule.)

Wako wasemao kwamba huu ni woga tu. Napinga. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile. Mioyo yao ilikwenda mbio na pumzi ziliwapungukia, wala yeye hakuona katika miili yao ugonjwa wa kutosha kueleza hali hiyo. Wataalamu wengi huona kwamba baadhi yao walikuwa na hali kama hii yangu, ambayo ilipewa jina lake katika kitabu cha magonjwa ya akili cha madaktari wa Marekani mwaka 1980. Nani atawaita waoga watu waliokwisha simama mbele ya mizinga?

Lakini zile dakika 10 ni kidogo. Kinachoharibu maisha ni siku zinazofuata, za kungoja hofu irudi. Niliacha kula bwaloni kwa sababu ya msongamano, nikawa nala ugali uliopoa ambao rafiki yangu aliniletea bwenini. Nikajitoa katika mdahalo, nami naupenda mdahalo kuliko mpira. Siku ya kwenda nyumbani niliyaacha madaladala matatu yapite, kila moja nikisema limejaa mno. Kila nilipokimbia mahali nilipata nafuu siku ile, na kesho yake mahali pale palitisha zaidi. Daktari alinionya juu ya hilo. Dawa ziko, alisema, lakini mimi alitaka nianze kwa kurudi kidogo kidogo pale ninapopaogopa, nikae mpaka hofu ishuke. Sasa nala bwaloni, meza ya mwisho.

Liko jambo moja la shule. Katika mtihani wa majaribio wa muhula uliopita hofu ilinijia katikati ya karatasi ya Hesabu. Nilitoka nje, na kwa kanuni yetu atokaye harudi. Nilipata alama 31, ambazo ni za maswali niliyoyafanya kabla ya kutoka. Nadhani kanuni hiyo ina haki yake, kwani wako watokao ili wakatazame madaftari. Lakini mwalimu mmoja aweza kusimama na mwanafunzi barazani kwa dakika 10, kisha akamrudisha kitini, na hakuna daftari litakalofunguliwa.

Mtihani wa muhula huu waanza Jumatatu. Nimemwomba mwalimu wa taaluma kiti cha karibu na mlango, naye amekubali. Ombi la zile dakika 10 amesema atalipeleka katika kikao cha walimu.