HARAKA YENYE MPANGO INA BARAKA



Kila kibarua aangukapo kutoka juu ya jengo refu, watu husema, "Haraka haraka haina baraka." Mimi naona methali hiyo hubebeshwa mzigo usio wake. Kiuacho si haraka, bali ni kazi isiyo na mpango; na kazi ya namna hiyo ndiyo ichelewayo pia.

Tutazame jengo la Empire State, mjini New York. Lilianza kujengwa Machi 1930, na tarehe 1 Mei 1931 likafunguliwa, nalo lina orofa 102. Je, mafundi walikuwa wakikimbia? La. Matofali yalipandishwa kwa mashine, kisha yakasukumwa kwa vigari juu ya reli ndogo hata karibu na waashi. Chakula kiliuzwa huko huko juu, ili mtu asimalize mapumziko yake katika kushuka na kupanda. Asiyebeba mzigo ngazini hachoki upesi, wala hatelezi. Hata hivyo, hesabu rasmi yataja watu 5 waliokufa, na picha za siku zile zaonyesha mafundi juu ya mihimili myembamba bila mkanda. Vitu vilipangiwa vizuri kuliko watu.

Penye daraja la Golden Gate, California, lililojengwa mwaka 1933 hadi 1937, watu pia walipangiwa. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, alitaka wavu utandazwe chini ya kazi. Gharama yake ilipita dola 130,000, nao uliokoa watu 19. Zaidi ya hayo mafundi walikwenda kwa kasi, maana asiyeogopa kuanguka hutumia mikono yote miwili. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa lilianguka, likapasua wavu, watu 10 wakafa. Basi wavu hauondoi haja ya kukagua jukwaa.

Na kuna hatari ambayo hata wavu hauizuii. Tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu 36. Ulinzi wa hatari kama hiyo huanzia kwenye ramani na zege, kabla kibarua hajapanda.

Hapa kwetu Uganda tunayo sheria ya usalama kazini ya mwaka 2006. Lakini sheria haipandi ngazi. Mtu ndiye apandaye. Najua wako wenye majengo wasemao kwamba mikanda na kofia ngumu ni gharama bure. Nawauliza: kibarua akianguka, kazi ya siku hiyo huendelea? Na kesho yake wenziwe watajenga kwa moyo gani? Yeye hulipwa kwa siku. Akivunjika mguu, watoto wake hulala njaa jioni ile ile.

Ninyi mliotutangulia shuleni hapa, ambao leo ni wahandisi na makontrakta, uhesabuni mkanda pamoja na mwiko na timazi, uwe chombo cha kazi. Nasi wanafunzi, tutakapokabidhiwa kazi hizo, tusiulize tu, "Jengo litakwisha lini?" Tuulize pia, "Waliopanda asubuhi, wameshuka wote?"