Hiyo herufi L kwenye karatasi ya maabara

Wadau, hili linaniudhi. Unalipia kipimo cha tezi ya shingo, unakabidhiwa karatasi yenye TSH, FT4 na herufi L pembeni, basi, kwaheri! L maana yake kiwango kiko chini. Mtu anaona TSH iko chini, anadhani tezi yake imelegea, anakimbilia kununua vidonge vya madini joto.

Kumbe ni kinyume. TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo itoe homoni. Homoni hizo zikizidi, TSH inashuka. Kwa hiyo TSH chini na FT4 juu ndiyo dalili ya tezi iliyopitiliza, na madini joto ya ziada yanaweza kuichochea zaidi.

Halafu nyie wa vidonge vya nywele na kucha (akina kaka pia, msijifiche): bayotini iliyomo humo hudanganya baadhi ya mashine, zikatoa majibu kama hayo hayo kwa mtu asiyeumwa. FDA ya Marekani ilionya mwaka 2017. Kwa nini basi anayetutoa damu hatuulizi tunameza nini?