Filamu ikishapigwa kijijini, mwenyeji anabaki na nini?

Watalii wanaoingia Tanzania wanaongezeka. Mwaka 2022, filamu ya The Royal Tour ilipozinduliwa, walikuwa zaidi ya milioni 1.4. Mwaka 2023 wakapita milioni 1.8, na mwaka 2024 wakavuka milioni 2. Filamu haikuwaleta wote, maana hata safari zilizosimama wakati wa Corona zilikuwa zinarudi. Lakini picha huvuta watu, hilo linajulikana. Swali letu tunaoishi kando ya hifadhi ni hili: sehemu ikipata jina kwa sababu ya filamu au mwanamuziki, mwenyeji anafaidika vipi?

Momella: jina linauzwa

Mwishoni mwa mwaka 1960 kikosi cha Hollywood kilifika Tanganyika kupiga filamu ya Hatari! Mwongozaji alikuwa Howard Hawks na mwigizaji mkuu John Wayne. Inahusu watu wanaokamata wanyamapori wakiwa hai ili wauzwe nje. Sehemu ya picha zake zilipigwa Momella, chini ya Mlima Meru. Filamu ilitoka mwaka 1962, na neno letu la Kiswahili likasomeka kwenye kumbi za sinema duniani.

Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella, akanunua shamba na kuishi hapo zaidi ya miaka kumi. Leo ipo loji yenye jina la filamu hiyo.

Sasa sogea hatua chache hadi Ngarenanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili kupisha mashamba ya walowezi. Wameru wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York. Mwaka 1952 alisimama mbele ya mataifa na kueleza walivyonyang'anywa ardhi. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini kesi ile iliamsha watu wengi kudai uhuru.

Miaka tisa baada ya watu kuhamishwa, kamera zikafika jirani. Katika Hatari! wahusika wakuu wote ni wageni, na Waafrika wanaonekana zaidi wakiwa wasaidizi. Mtalii anayepita njia ile akisimuliwa John Wayne peke yake, ameondoka na nusu ya habari. Na nusu iliyobaki ndiyo ambayo mzee wa Ngarenanyuki angeweza kuisimulia vizuri kuliko mwongozaji yeyote wa kutoka mjini, na akalipwa kwa kazi hiyo.

Shangani: mlango na tiketi

Huko Unguja, Freddie Mercury wa bendi ya Queen alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Si wote waliomfurahia: mwaka 2006 mpango wa kusherehekea kumbukumbu ya kuzaliwa kwake ulipingwa na kikundi cha kidini, ukafutwa.

Mwaka 2018 ikatoka filamu ya maisha yake, Bohemian Rhapsody. Haikupigwa Zanzibar, lakini ilifanya watu wapya wamuulizie. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani. Hapo sasa jina lina mlango, kiingilio na watu wenye ajira.

Kisiwa hichohicho kilimzaa Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Mgeni akitoka Shangani, nani atamwambia kwamba na Fumba kuna habari?

Kibera na Loiyangalani: makubaliano

Nchini Kenya, filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera, Nairobi, na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Waliotengeneza filamu hiyo waliacha mfuko wa kusaidia elimu katika sehemu hizo mbili. Umaskini haukuisha, lakini kipo kitu kilichobaki baada ya magari ya filamu kuondoka.

Tofauti iko wapi?

Umaarufu wenyewe haulipi mtu. Shangani kuna mahali pa kukusanya fedha. Kibera na Loiyangalani kulikuwa na watu waliokubali kuacha kitu. Pasipo na kimojawapo, faida inakwenda kwa mwenye loji na mwenye gari la watalii.

Kwa hiyo, msikilizaji, wakija watu wenye kamera kijijini kwako, haya yafaa kukumbukwa:

- Waombe wakuonyeshe kibali. Tanzania, vibali vya kupiga filamu hutolewa na Bodi ya Filamu.
- Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mazungumzo yapite huko na yasomwe kwenye mkutano mkuu, si kwa mwenyekiti akiwa peke yake.
- Malipo, vibarua na uharibifu wa mazao viandikwe kabla kamera haijawashwa.
- Simu uliyonayo inarekodi sauti. Waliokuwa watoto wakati wa kuhamishwa Ngarenanyuki wamepita miaka sabini. Wahoji sasa, taja jina la msimuliaji na tarehe, kisha hifadhi nakala shuleni au ofisi ya kijiji.

Hatari! itaendelea kuwepo kwenye kanda na mitandao hata miaka mia ijayo. Sauti ya bibi aliyebebwa mgongoni siku ile ya Novemba haitakuwepo, kama hakuna aliyeirekodi.